Waigizaji kupiga ala wenyewe jukwaani: nianze na nini?

BintiWaPazia

Habari zenu wadau.

Mimi ni mwongozaji, ila nimezoea michezo isiyo na nyimbo. Safari hii kikundi chetu kina mchezo wa muziki, na ukumbi tuliopata hauna shimo la okestra (pale chini mbele ya jukwaa wanapokaa wapigaji) wala kona ya kubana hata wapigaji watatu. Bendi ya kukodi hatuimudu. Mtunzi wetu, ambaye ni mwanakikundi na nyimbo zote ni zake, ametoa wazo kwamba waigizaji wenyewe ndio wapige ala, humo humo ndani ya mchezo, wakiwa na maleba yao na uhusika wao.

Hadithi kwa ufupi: ndugu wanne wamekutana kwenye nyumba ya marehemu baba yao. Wana usiku mmoja wa kuamua iuzwe au isiuzwe. Wapo pia mke wa kaka mkubwa, binti wa dada wa pili, jirani mmoja mbea na wakili aliyebeba hati. Jumla wanane. Wawili wanapiga gitaa, mmoja fidla (huyu ni hodari kweli kweli), mmoja sello, mmoja piano, mmoja kodiani, na wakili wetu anapiga tarumbeta. Wa nane ndiye anayecheza kaka mkubwa. Ni mhusika mkuu, ana sauti ya kujaza ukumbi, lakini ala hajui hata moja. Ukimpa njuga atazitikisa nje ya mdundo.

Sasa naomba msaada. Nitaamuaje nani apige nini na wakati gani? Kaka mkubwa nimfanyeje, nibadilishe mwigizaji? Na hili ndilo linaloninyima usingizi: mtu analia msiba huku kashika gitaa, watazamaji watamwamini? Au watasema tu hawa wamekosa pesa za bendi?

Tromboni3

Watasema mmekosa pesa za bendi kwa sababu ni kweli mmekosa pesa za bendi.

Samahani dada, sina ugomvi na wewe. Maisha yangu mimi yako chini, kwenye shimo, huko mnakotuona visogo. Kila mtindo huu unaposifiwa kuwa ni ubunifu, upande wetu kuna vibarua vilivyoota mbawa. Kikundi kidogo kisicho na uwezo nakielewa. Ninaowasema ni watayarishaji wenye nazo, waliogundua kwamba mtu mmoja anayeigiza, kuimba na kupiga fidla analipwa mshahara mmoja.

Halafu tuongee ubora. Mwigizaji aliyejifunza tarumbeta shuleni si mpiga tarumbeta. Kwenye sehemu rahisi hutaona tofauti. Subiri ije noti ya juu, ndefu, ya kupigwa kwa sauti ndogo, ndipo utamjua nani analala na ala yake kitanda kimoja.

Ushauri wangu: tafuteni mpiga piano mmoja mzuri, mwekeni pembeni, waigizaji waigize.

Mzee wa Nota

Dada, hasira ya Tromboni3 ina haki yake, ila ushauri wake usiufuate bado.

Nimekuwa kiongozi wa muziki kwenye michezo ya aina hii mara nyingi kuliko ile ya okestra ya shimoni, kwa hiyo nitaandika kirefu. Mwenye haraka aruke.

Tuanze na hili la pesa. Ubahili ulikuwepo tangu mwanzo, tusidanganyane. Mwongozaji John Doyle alipofanya mchezo wa muziki wa Sweeney Todd mwaka 2004 pale Watermill, karibu na Newbury huko Uingereza, alikuwa kwenye ukumbi mdogo sana, kinu cha maji cha zamani kilichogeuzwa kuwa jumba la michezo. Okestra ungeiweka wapi, mtoni? Mchezo huo huo ulipozinduliwa mwaka 1979 chini ya mwongozaji Harold Prince ulikuwa na vyuma halisi vya kiwanda jukwaani na okestra nzima chini. Doyle akaufanya kwa watu wachache wanaopiga kila kitu wenyewe, na mwaka 2005 ukafika Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, na waigizaji 10. Mwaka uliofuata Sarah Travis, aliyezipanga upya nyimbo zile kwa ajili ya watu hao 10, akachukua Tony, tuzo kubwa ya michezo ya Broadway, ya upangaji wa muziki, na Doyle akachukua ya uongozaji. Waliopiga kura walikuwa wanazijua okestra kubwa vizuri tu.

Kwa nini ulikubalika? Kwa sababu ala zilikuwa zinasema kitu ambacho okestra ya shimoni haiwezi kukisema. Nakupa mfano mmoja tu. Vijana wawili wapenzi katika hadithi ile, kule Broadway, wote wawili walipiga sello. Wametenganishwa na mlango uliofungwa, hawagusani, lakini ala zao ni moja na sauti zao zinajibizana. Huhitaji mtu akuambie kwamba hawa ni wa pamoja. Na Patti LuPone, aliyecheza mwanamke wa makamo mwenye duka linalodorora, anaibuka na tuba, lile dude kubwa la shaba la kupuliza, tumboni! Kabla hajafungua mdomo umeshajua huyu mama ni kichekesho na ni hatari.

Sasa njoo kwenye nyumba yako ya urithi. Waongozaji wengi huanza kwa kuuliza, "Nani ana mikono mitupu kwenye wimbo huu? Basi apige." Ukianza hivyo utapata bendi inayotembea, hutapata mchezo. Swali la kuuliza ni hili: wimbo huu unamhusu nani mwingine zaidi ya anayeuimba? Chukua pale kaka mkubwa anapoimba kwamba nyumba iuzwe (nadhani wimbo huo upo, hadithi ya urithi haiwezi kuukosa). Nani anampigia? Mkewe akimpigia, tunaelewa wamelizungumza nyumbani kabla ya kuja. Mdogo wake asiyetaka kuuza akimpigia, mambo yanageuka: anambeba kaka yake kwa heshima tu, moyo wake haupo. Halafu katikati ya ubeti wa pili mdogo mtu anaacha kupiga. Haongei, anaondoa tu mikono kwenye piano. Kaka anabaki anaimba peke yake, bila ala, mbele ya familia nzima, na lazima aumalize ubeti. Mtunzi wako hataweza kuandika maneno makali kuliko hapo.

Hilo ndilo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Kwenye mtindo huu kuacha kupiga ni kitendo cha mhusika. Kuanza kupiga nako ni kitendo. Kila mara ala inapoingia au kunyamaza, mwigizaji awe na sababu, na sababu isiwe "nota zimeandikwa hivyo". Okestra ya shimoni haina maoni juu ya ugomvi wa ndugu. Hawa wanayo.

Ukishaliona hivyo, kaka mkubwa asiyejua ala si tatizo tena. Usimbadilishe kabisa! Mwaka 2006 Doyle huyo huyo alipeleka Broadway mchezo wa Company. Mhusika mkuu ni kapera aliyezungukwa na marafiki waliooana. Marafiki wote wana ala. Yeye, aliyechezwa na Raúl Esparza, anazunguka katikati yao bila ala, mpaka wimbo wa mwisho ndipo anakaa kwenye piano na kujipigia mwenyewe. Mchezo mzima ukawa unasubiri mikono ile. Sasa wewe usiige mwisho huo, kwanza wako hajui kupiga, pili watu wameshauona. Wewe una kitu kingine: mtu pekee katika ukoo wa wanamuziki ambaye hakurithi mkono wa baba. Ndiyo maana haoni shida kuuza! Mwache azunguke akigusa ala za wenzake. Anamwondolea mdogo wake gitaa mapajani ili amsikilize. Anaifunika piano wakati wimbo unaendelea (fanyeni mazoezi ya vidole hapo, kifuniko cha piano hakina huruma). Yeye ndiye wa kunyamazisha. Na usimpe njuga.

Jambo la pili ni kuamua ala zimetoka wapi. Kwenye mchezo wa muziki wa Once, ulioingia Broadway mwaka 2012 na kuchukua Tony 8, wahusika wenyewe ni wanamuziki, jukwaa ni baa, na kabla ya mchezo waigizaji walikuwa wakipiga humo huku watazamaji wakipanda jukwaani kununua vinywaji. Hakuna wa kuuliza kwa nini yule ana gitaa. Kwenye Sweeney Todd ya Doyle ni kinyume: hakuna mhusika anayetaja ala hata mara moja, zipo tu, na watazamaji wakaikubali kanuni hiyo mapema. Njia zote mbili zinafaa, lakini chagua moja. Ukizichanganya bila mpango, watu wataacha kusikiliza na kuanza kujiuliza jirani kaja na kodiani kwenye kikao cha urithi kufanya nini. Mimi kwako ningeifanya piano kuwa ya marehemu, sehemu ya urithi, iwe ni mali ambayo wanagombania nani aichukue. Ala nyingine zote ziwe za kanuni ya pili: mtu anaingia nayo kama anavyoingia na viatu vyake.

Tatu, chora jedwali la mikono. Chukua karatasi kubwa, kila mwigizaji mstari wake, kila wimbo na mazungumzo yaliyo katikati yamekatwa vipande vipande kwa kulalia. Katika kila kipande andika mkono wa kulia una nini, wa kushoto una nini, mdomo unafanya nini, na kama amekaa au amesimama. Ni kazi ya kuchosha, utanilaani. Lakini ndipo utakapoona kwamba mpiga sello wako anamaliza wimbo na upinde mkononi, na mistari miwili baadaye anatakiwa kumpokonya wakili hati. Sello ataiweka wapi? Chini haikai vizuri, ukutani inaanguka, na kibao chake kiko upande wa pili. Ama mtu mwingine aipokee (nani, na kwa uhusika gani?), ama aipokonye hati kwa mkono ule ule ulioshika upinde. Hilo la pili litakuwa zuri kuliko ulilokuwa umewaza. Jedwali hilo litakupa nusu ya uongozaji wako bure.

Kuhusu mpangilio wa nyimbo: mtunzi asiandike sehemu za ala mpaka waigizaji wawe wamethibitishwa, kila mmoja na kila anachoweza. Waulize pia vile vitu wanavyoviona aibu kuvitaja, filimbi za utotoni, ngoma za shuleni, mluzi. Na kwa kila sehemu awepo mtu wa pili anayeweza kuibeba, hata kwa ala nyingine. Mwigizaji akiugua kwenye mchezo wa kawaida unatafuta wa kushika nafasi. Hapa unatafuta wa kushika nafasi, sauti yake, na sello.

La mwisho, kwa sababu hamna mwongoza okestra. Wimbo unaanzaje? Kwa pumzi. Kila wimbo uwe na mmoja anayeuanzisha, na avute pumzi kwa mwendo ule ule wa wimbo. Wengine wanaisikia, hawahitaji kumwona. Zoezi langu ni kuwageuza wote waelekee ukutani, kila mtu ukuta wake, kisha waanze wimbo na waumalize. Mwanzo huwa ni vurugu na vicheko. Kuanza watakuweza haraka. Kumaliza pamoja ndiko kutakakowatoa jasho, hasa ile noti ndefu ya mwisho ambapo mwimbaji anajisikia na hataki kuiachia.

Na nota zote zikae kichwani. Ukiona stendi ya nota jukwaani, jua mwongozaji kakata tamaa.

SelloMgongoni

Naongezea upande wa sisi tunaozibeba. Mimi ni mwigizaji, napiga sello, nimelia nayo, nimekufa nayo, nimeolewa nayo.

Swali lako la tatu ndilo kubwa, BintiWaPazia. Watazamaji wataamini mtu anayelia na gitaa. Wasichoamini ni uso wa kuhesabu. Utauona tu siku ya kwanza mkisimama: macho yanaganda, midomo inabanwa, mtu yuko mbali anahesabu mapigo. Uso huo ndio unaomwua mhusika, gitaa halina kosa. Dawa yake si kuambiwa "weka hisia", dawa ni kuujua mstari wako mpaka mikono ijiendeshe. Kipimo tunachotumia ni hiki: mwenzio anakuuliza maswali ya ovyo ovyo huku unapiga, nawe unamjibu kwa sentensi kamili. Mikono ikiyumba, hujawa tayari kuigiza na sehemu hiyo. Mpaka hapo mwongozaji asikupe hisia yoyote ya kubeba, utaidondosha.

Mambo ya mwili ambayo huwezi kuyaona ukiwa umekaa kule mbele:

Mpiga fidla wako hodari ana mgogoro wa kudumu kati ya sauti na sura. Matundu ya fidla yanatazama kuliani kwake, kwa hiyo sauti inatoka vizuri akiwaelekezea watazamaji bega la kulia. Lakini kichwa chake kimeinamia kushoto, kwa hiyo akikaa hivyo uso unawakimbia. Usimweke sehemu moja mchezo mzima. Pale unapotaka fidla iongee mpe upande, pale unapotaka yeye aonekane mgeuze ukubali sauti ipungue. Na kidevu kikiwa kimebana fidla taya halifunguki sawasawa. Kama ni lazima aimbe huku akipiga, ashushe fidla mpaka kifuani, kama wapigaji wengi wa muziki wa kijadi wanavyofanya. Noti za juu kabisa atazikosa, lakini mdomo utakuwa wake.

Sello ina mwiba chini. Kwenye sakafu inayoteleza unasukuma upinde, ala inaondoka. Mkanda unaozunguka mguu wa kiti unasaidia, kipande cha mpira pia, ila nami nikitakiwa kukaa viti vitatu tofauti vyote viandaliwe. Sketi yangu iwe pana, mwambie fundi wa maleba mapema kabla hajaipima. Ukitaka nitembee nayo nikiwa napiga inawezekana, nina mkanda wa begani wa kazi hiyo, lakini nipe viatu vya mchezo kuanzia wiki ya kwanza. Hatua za viatu bapa na za viatu vya kisigino hazilingani, na upinde unazihisi.

Gitaa liwe na mkanda, hata anayepiga akiwa amekaa. Mwenye mkanda analisukuma mgongoni na kumkumbatia ndugu yake. Asiye na mkanda anatafuta pa kuliweka, na kukumbatiana kumeshapita.

Kodiani inapumua. Mtumie. Akiivuta huku amebonyeza kitufe cha hewa tu inatoa pumzi tupu, na kwenye nyumba ya msiba hiyo pekee inatosha kuanzisha wimbo.

Jambo moja nitampinga Mzee wa Nota kidogo. Anasema kila anayepiga awe na maoni. Sawa, lakini si kwa uso. Nikiwa sipo kwenye tukio, nimekaa pembeni nawapigia wengine, kazi yangu ni kumtazama anayeongea. Ninapomtazama yeye, watazamaji nao wanamtazama. Nikianza kuonyesha uchungu wangu kule pembeni nitakuwa namwibia. Kwenye Once waigizaji walikuwa wanarudi kwenye viti vya kandoni na kusikiliza, na usikivu ule ndio ulioshikilia matukio ya watu wawili yasipotee kwenye jukwaa kubwa.

Mzee wa Nota

Hapo nimekubali bila kubishana.

FundiSauti

Kwa upande wa vipaza sauti niwe mfupi. Kabla ya kukodi chochote, ukumbi ukiwa mdogo jaribuni bila umeme kabisa. Kaeni safu ya mwisho, watu wapige na kuimba. Kinachofunika sauti ni tarumbeta, na piano ikiwa wazi nyuma. Tarumbeta likielekezwa ukuta wa nyuma linapoa sana, na piano ya kusimama ikigeuzwa mgongo kwa watazamaji funikeni mgongo huo kwa blanketi zito, ndipo sauti inapotokea.

Mkilazimika kutumia vipaza sauti, hesabu kila mtu mara mbili: mdomo na ala. Kipaza sauti cha shavuni cha mwimbaji aliyesimama jirani na tarumbeta kitachukua tarumbeta, hakitachukua mwimbaji, kwa hiyo nani anasimama karibu na nani ni jambo la kuniuliza mimi pia, si la mwongozaji peke yake. Betri mpya kila onyesho, msibishane.

Na hili la kodiani hakuna aliyeligusa. Fidla, sello na gitaa zinarekebishika pale pale, tena zitahama kwa joto la taa, kwa hiyo wekeni nafasi ya kuzirekebisha nyuma ya pazia. Tarumbeta lina mrija wa kuvuta. Kodiani haina pa kushika. Vile vilimi vya ndani vimewekwa na fundi wake na nyingi ziko juu kidogo ya 440 (mitetemo kwa sekunde ya noti ya La, kipimo cha kawaida cha kurekebishia ala), utakuta 442. Piano yenu ikiwa 440 mtasikia maumivu kwenye kila noti ndefu wanayoshirikiana. Kwa hiyo fundi piano akija, mpeni kodiani asikilize kwanza. Piano ndiyo imfuate kodiani.

Shuka_la_Jukwaa

Swali la pembeni: na kama mchezo si wenu? Sisi tunataka kufanya mchezo unaojulikana kwa mtindo huu huu, nota zake tunazo.

Mzee wa Nota

Kuwa na nota si kuwa na ruhusa. Leseni ya kuonyesha mchezo kwa kawaida inakupa mpangilio ule ule ulioandikwa na mwenyewe. Ukiugawa upya kwa gitaa na kodiani umeibadilisha kazi ya mtu, na hilo linahitaji kibali cha maandishi kutoka kwa mwenye haki au wakala wake. Omba kabla ya kugawa nafasi, si wiki ya onyesho. Wengine hukubali, wengine hukataa katakata, na kuna michezo ambayo tayari ina mpangilio rasmi wa waigizaji wanaopiga, uliza kwanza kama upo. BintiWaPazia ana bahati, mtunzi wake yuko chumbani.

BintiWaPazia

Nimesoma yote, tena kwa sauti, mbele ya kikundi. Asanteni sana.

Piano inakuwa ya marehemu, hilo limepita bila kura. Kaka mkubwa amefurahi kupita kiasi, ameanza kufunika kila kitu chenye kifuniko. Jedwali la mikono tumeanza na wimbo wa kwanza tu na tayari limeonyesha kwamba jirani mbea anatakiwa kubisha hodi mlangoni akiwa na kodiani mikono yote miwili. Atabisha kwa mguu. Mtunzi kacheka, kaandika mstari kwa ajili hiyo.

Limebaki moja. Wakili ananyamaza karibu mchezo mzima. Halafu mwishoni kabisa, hati ikishasainiwa, nataka tarumbeta lake liingie peke yake, polepole, kwa sauti ndogo, noti za juu kabisa, ubeti mmoja, kisha aimbe mstari wa mwisho yeye mwenyewe. Mpigaji wangu ananiangalia kwa jicho baya. Tromboni3, najua huupendi mtindo huu, lakini we ndiye mtu wa ala za shaba hapa.

Tromboni3

Anakuangalia kwa jicho baya kwa sababu umemwomba kitu kigumu kuliko vyote kwenye ala hiyo, tena midomo ikiwa ya baridi. Hiyo ndiyo noti niliyoisema mwanzo.

Kwanza asinyamaze mchezo mzima. Mpe noti ndefu za chini, akiwa nje ya mlango, haonekani, hata kabla wakili hajaingia. Watazamaji watadhani ni upepo wa nyumba, yeye atakuwa anapasha midomo. Akishaingia, kipulizio kikae mfukoni au kwenye ngumi, kisipoe. Mtu akiongea unaweza kukipumulia kimya kimya na hakuna atakayejua.

Pili, shusha wimbo. Huna haja ya juu kabisa. Kwenye noti za katikati za tarumbeta, kwa sauti ndogo, kuna huzuni ya kutosha kwa nyumba tatu. Ukitaka iwe mbali zaidi mpe kizibo cha mdomoni mwa ala, ila kizibo nacho kinapandisha sauti kidogo, arekebishe mrija.

Tatu, usimwimbishe hapo hapo. Midomo ikitoka kwenye kipulizio imekufa ganzi, herufi za "p" na "m" zitakuwa uji. Mpe nafasi ya vipimo viwili au vitatu vya wimbo. Akunje hati, ailambe midomo, ndipo aimbe. Kama ni lazima aunganishe, basi mstari wa mwisho aimbe mwingine.

Na mwambie mtunzi asimpe nakala ya piano akaisoma hivyo hivyo. Tarumbeta la kawaida ukipiga Do inasikika Si bemoli ya piano, yaani hatua nzima chini. Kila noti yake iandikwe hatua nzima juu zaidi ya mnavyotaka isikike, la sivyo mtalaumiana bure.

Bado nasema mngetafuta bendi. Nitumie nota ya piano ya wimbo huo, nitakuandikia mstari wake.